Kama Paka Tulimhurumia, Mbona Babu Hatukumchoma Sindano?



Swali la leo sikulipata darasani. Niliulizwa na binamu yangu wa miaka 11, nyuma ya nyumba ya Bibi kule kwetu Nyabibuye, wilaya ya Kakonko. Nilikuwa bado nimeshika jembe, tumetoka kumfukia paka. Akasema, "Kaka Frateri, kama paka tumemchoma sindano ili asiteseke, mbona Babu hatukumchoma?"

Nina shahada ya falsafa. Nilikaa kimya.

Niwasimulie kwanza ilivyokuwa, halafu tutafakari pamoja.

Nyau alikuja kwa Bibi mwaka niliopokea Komunyo ya Kwanza, kwa hiyo alikuwa na miaka kama 14. Kwetu paka hafugwi ili apakatwe. Anafugwa kwa sababu ya panya, maana mahindi na maharage yakishaingia ndani bila paka, mmelima kwa ajili yao. Lakini Babu alipofariki miaka miwili iliyopita, Nyau ndiye aliyebaki akilala miguuni pa Bibi.

Likizo ya Krismasi nilimwona anadondosha mate. Mdomo ulikuwa unanuka. Alikuwa anaisogelea sahani ya dagaa kwa hamu, analamba kidogo, kisha anaruka nyuma kama ameungua. Akitafuna, anainamisha kichwa upande mmoja. Manyoya, ambayo paka mzima huyalamba kutwa, yalikuwa yameshikana. Nikacheka, nikasema, "Bibi, huo ni uzee." Dalili zote nilikuwa nazo mbele ya macho, nikazipita kama yule kuhani katika mfano wa Msamaria Mwema. Niliporudi mwezi wa sita, taya la kushoto lilikuwa limevimba, mate yana damu, na Nyau amebaki mifupa.

Tukamwita bwana mifugo. Kabla ya kumgusa, aliuliza kama paka aling'atwa na mbwa au amebadilika tabia. Mnyama anayetoa mate anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na hapo mtu hapeleki mkono mdomoni kwake. Akavaa glavu. Akatueleza kwamba mate na harufu vinaweza kutokana na jino bovu, mwiba wa samaki uliokwama, au jipu, na hayo yanatibika. Ila chini ya ulimi wa Nyau alikuta kidonda kigumu, na meno ya upande ule yalikuwa yanacheza. Kwa paka mzee, akasema, mara nyingi hiyo ni saratani ya kinywa. Uhakika kamili hutoka maabara, baada ya kukata kipande na kukipima.

Baadaye nilisoma. Saratani ya kinywa inayowapata paka zaidi huanzia kwenye seli bapa za utando wa ndani ya mdomo, kisha inaula mfupa wa taya. Ikigunduliwa ikiwa ndogo, na iko mahali pazuri, daktari anaweza kuikata. Ikichelewa, hata kwenye nchi zenye mashine za mionzi, paka wengi wanabaki na miezi michache tu. Hapo nikakumbuka kicheko changu cha Krismasi.

Bibi alitaka kumsagia Panadol. Bwana mifugo akamzuia: mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja kinaweza kumuua kwa mateso. Tafadhali likumbukeni hilo.

Basi tufanye nini? Jirani akashauri tumtie kwenye kiroba, tukamtupe porini. Mimi, kwa kujutia uzembe wangu, nikaanza kuongelea hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu. Baba mdogo akaniangalia tu. "Frateri, nauli hiyo na matibabu ni ada ya huyu mtoto."

Nilipofungua Katekisimu, namba 2418, nilikuta imetujibu wote watatu. Kumsababishia mnyama mateso au kifo bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Hapo kiroba kinaondoka, na hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Namba hiyo hiyo inasema si vema kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zilipaswa kupunguza taabu za watu. Hapo Morogoro yangu nayo ikaondoka.

Ikabaki njia ya Bibi. Alimsagia dagaa kuwa uji mwepesi. Alimfuta mdomo kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Alimpa dawa ya maumivu aliyopimiwa na bwana mifugo. Ilikwenda hivyo siku tisa. Siku ya kumi Nyau alikataa hata maji. Bibi akasema, "Mwiteni bwana mifugo. Huyu amenitumikia, asiteseke zaidi." Ikaja sindano ya usingizi, na ya pili ya kumaliza. Bibi alimshika mpaka mwisho.

Sasa turudi kwenye swali la yule mtoto. Babu alifariki kwa saratani ya koo. Wiki za mwisho hata maji yalipita kwa shida. Mtoto aliyaona yote mawili, akalinganisha. Alikuwa na haki ya kuuliza, na kuna watu wazima duniani wanaouliza hivyo hivyo wanapodai eutanasia, kile wanachokiita kifo laini.

Jibu la haraka ni, "Paka ni mnyama, Babu ni mtu." Ni kweli, ila halielezi kitu. Mtoto angeweza kunirudishia: basi mtu ndiye astahili huruma zaidi!

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba mnyama anajua kwa milango ya fahamu tu. Anasikia maumivu kweli, tusijidanganye. Lakini hawezi kuyapa maana. Hawezi kusamehe, hawezi kuaga, hawezi kumsubiri mwanae aliyeko safarini. Maumivu yakimjaa, yamemjaa yote. Uhai wake umekabidhiwa kwetu kama kwa watunzaji, na kuufunga wakati hakuna kilichobaki ila uchungu hakumwibii kitu.

Babu je? Siku nne kabla ya kufa alimwita mdogo wake, ambaye kwa miaka sita walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Walishikana mikono, wakalia. Alipokea mpako wa wagonjwa. Hayo yote yalitokea baada ya siku ambayo mtu angeweza kusema, "Imetosha."

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya. Tuseme Babu asingepatana na mtu. Tuseme angelala tu, hamtambui yeyote. Je, hapo sindano ingekuwa halali? Hapana. Thamani yake haikutokana na alichoweza kufanya kitandani. Aliumbwa kwa mfano wa Mungu, anaitwa na Mungu kwa jina, na uhai wake haukuwa mali yetu wala yake mwenyewe.

Na Kanisa halikutuambia tumwache na maumivu. Katekisimu, namba 2278 na 2279, inaruhusu kuacha matibabu mazito yasiyo na uwiano na matumaini, inaruhusu dawa za kutuliza maumivu hata zikiweza kufupisha siku, na inaita tiba shufaa upendo wa pekee. Babu alikuwa anapewa mofini ya maji, kidogo kidogo. Kuondoa maumivu ni jambo moja. Kumwondoa anayeumia ni jambo lingine kabisa, na kwa mtu hatujapewa ruhusa hiyo.

Kuna kitu kingine sijawahi kukiandika. Usiku mmoja zamu ya kukaa na Babu ilikuwa yangu. Alikuwa anakoroma kwa shida, chumba kinanuka, nami nikatamani iishe. Nilijiambia ni huruma. Kumbe nilikuwa nimechoka mimi. Nikatoka nje, nikamwacha Bibi akae. Laiti sindano ingekuwa mezani usiku ule, ingekuwa kwa ajili ya nani?

Nilimjibu binamu yangu hivi: "Babu tulimpa dawa ya maumivu, na tulikaa naye. Huruma yake ilikuwa hiyo."

Akafikiri. "Wewe ulikaa?"

"Sikukaa vya kutosha," nikamwambia.

Ndugu yangu, wiki hii fanya mambo mawili. Kama nyumbani kuna paka au mbwa mzee, mwangalie anavyokula, na ukiona mate, harufu au uvimbe usicheke kama mimi. Mwite bwana mifugo mapema. Na kama kuna mgonjwa unayekwepa chumba chake, ingia. Usiwe na hotuba. Mshike mkono, mfute mdomo, sali naye Salamu Maria moja.

Ee Bwana, utupe moyo wa kutowapita wanaoumia, na ujasiri wa kukaa nao. Amina.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.