Kiongozi wa Njia

Msafiri huhitaji mambo mawili: kujua mahali alipo, na kujua pa kwenda. La kwanza ni habari, la pili ni hukumu. Habari yaweza kuazimwa, kununuliwa, hata kutolewa bure. Hukumu haiazimwi bila ya mwazimaji kupungukiwa na kitu katika utu wake. Tangu vyombo vidogo vya kuonyesha njia vilipoanza kufungwa katika usukani wa pikipiki, mambo haya mawili yamechanganyika hata watu wengi huyadhania kuwa ni moja. Kwa hiyo mtu achaguaye chombo na ramani za safari yake, ajapodhani kuwa ananunua bidhaa tu, hujibu swali la zamani la maadili: aongozwaye hubakiwa na wajibu gani?

Mwambao wa Kilwa na Lindi ni mahali pazuri pa kulipimia swali hili. Atokaye Dar es Salaam kwa pikipiki huvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, hupita Somanga na kufika njia panda ya Nangurukuru. Hapo njia ya kushoto huenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Ya kulia huingia bara kuelekea Njinjo na Liwale. Na ya mbele huendelea Lindi mpaka Mingoyo, ambako njia ya Mtwara na ya Masasi huachana. Kuifuata lami hii si kazi ngumu, wala hakuhitaji chombo. Shida huanza lami inapoachwa. Huko kuna njia za mchanga, vijito vinavyokauka kiangazi na kufurika masika, mashamba ya minazi na mikorosho yenye vijia vinavyofanana kama pacha, na mikoko ambayo bahari huijia na kuiacha kila siku. Mwenye gari akipotea hukaa kivulini na kufikiri. Mwenye pikipiki hukaa juani, mafuta yake ni machache, na mara nyingi mtu mwingine ameketi nyuma yake.

Katika kuchagua chombo, akili ya kawaida yatosha kuamua mengi. Simu ya mfukoni ni rahisi kwa kuwa watu wanayo tayari. Lakini kioo chake hufifia juani, mvua huisumbua, na mtetemo wa injini si rafiki yake. Mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe iliwaonya wateja wake kwamba mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa waweza kuharibu kamera za simu zake. Tena ramani nyingi za simu hutegemea mtandao, na mtandao huweza kukatika mahali pale pale ambapo haja yake ni kubwa. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya pikipiki huvumilia maji, hukubali kidole chenye glavu, hupata umeme katika betri ya pikipiki, na hubeba ramani zake ndani yake. Dosari yake ni bei. Mtu apimaye sifa hizi hupima kasha, na kasha jema ni jambo jema. Lakini ubora wa kasha si ubora wa shauri.

Yafaa ieleweke chombo hiki hujua nini. Kiitwacho GPS ni kundi la setilaiti za Marekani, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 1978, zizungukazo dunia katika kimo cha kilometa zipatazo 20,200. Kila moja hutangaza saa yake na mahali pake. Chombo kikisikia nne kwa pamoja, huweza kukokotoa mahali kilipo juu ya uso wa dunia. Mpango huu ulikuwa wa jeshi, na mpaka Mei 2000 raia walipewa sauti iliyotiwa kasoro makusudi, hata mtu aliweza kuonyeshwa meta 100 mbali na alipo. Kasoro hiyo iliondolewa, na leo mataifa mengine, kama Urusi, China na nchi za Ulaya, yana setilaiti za namna hiyo. Hata hivyo hakuna setilaiti iijuayo barabara. Setilaiti haijui daraja, wala tope, wala mchanga. Hutoa habari ya mahali, hunyamaza juu ya njia. Yote yasemwayo na chombo kuhusu njia hutoka katika ramani, na ramani hutoka kwa watu.

Basi ramani ni ushahidi wa watu wengi wasiojulikana kwa aufuataye. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huchorwa na watu wajitoleao. Tracks4Africa hukusanya nyayo za wasafiri waliopita njia za Afrika kabla ya mnunuzi. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi na wakazi walishirikiana katika mradi wa Ramani Huria kuchora mitaa ambayo mafuriko huivamia, mitaa ambayo mingi ilikuwa imejaa watu huku ramani ikiionyesha tupu. Jambo hilo lina fundisho. Weupe wa ramani si ushahidi kwamba hakuna watu. Mara nyingi ni ushahidi kwamba hakuna aliyeuliza. Na hata mashahidi wawili waaminifu huweza kupingana. Ramani za zamani za serikali za Tanzania zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, na chombo cha GPS hutumia msingi uitwao WGS 84. Mtu akitia namba za ramani ile katika chombo hiki bila kubadili msingi, hupotoka kadiri ya meta 300. Katika mwambao, umbali huo ndio uliopo baina ya barabara na matope ya mikoko. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alianza kuhesabu mahali pake.

Haja ya kiongozi haikuanza na setilaiti. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa kibao na uzi wenye mafundo, na Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa karne ya 15, alitunga utenzi wa Kiarabu juu ya njia ya bahari ya mwambao huu mpaka Sofala. Rubani wa zamani alikuwa mtu mwenye jina na heshima. Akikipeleka chombo mwambani, naye alizama nacho. Habari moja ya Aprili 1498 yastahili kukumbukwa. Vasco da Gama alipokuwa akipanda kaskazini kutoka Msumbiji, rubani aliyekuwa naye alisema visiwa fulani ni bara. Ilipobainika kuwa ni visiwa, rubani akachapwa viboko, na kisiwa kimoja kikapewa jina la Kireno lenye maana ya Aliyechapwa. Siku chache baadaye meli zile zikaipita Kilwa zilikotaka kufika, na upepo ukazikataza kurudi. Viboko vilitoa hasira, havikutoa njia.

Mtu wa leo hawezi kuchapa chombo chake. Lakini neno lake apoteapo ni lile lile: nimepotezwa. Kauli hiyo ina udhaifu mkubwa. Lawama humpasa mwenye hiari, aonaye, na ashirikiye hatari. Chombo hakina hiari, hakioni, wala hakiogopi kuanguka. Hivyo lawama ikitupwa kwake huanguka chini, na mahali pa kuiokota ni miguuni pa mtu yule yule aliyeitupa. Mwezi wa Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi sehemu kadhaa wilayani Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Maji yaliikata barabara, hayakuukata mstari uliochorwa kabla. Mtu mwenye macho aliona korongo. Ramani isiyopata habari mpya ilikuwa bado na haki ya kusema nyoosha. Ramani husema yaliyokuwako siku ilipochorwa, na aiombaye kusema zaidi huiomba uongo.

Yupo atakayejibu kwamba hata wenyeji hukosea. Jibu hilo lina kweli. Aulizaye njia huambiwa ni hapo tu, kumbe hapo tu ni mwendo wa saa mbili. Mwingine huelekeza asipopajua kwa kuona haya kumnyima mgeni neno. Yuko pia mwanamke asafiriye peke yake usiku, ambaye kusimama na kumuuliza mtu asiyemjua kwaweza kumtia katika hatari, na kwake ukimya wa chombo ni hifadhi. Hakuna haki ya kumdharau atumiaye chombo kwa sababu kama hizo. Lakini hoja hii haikiondoi chombo katika hukumu ya mtu. Humpa mtu shahidi wa pili. Kadhi hamfukuzi shahidi mmoja kwa kuwa mwingine amewahi kukosea. Huwasikiliza wote, kisha huamua mwenyewe.

Uzito wa uamuzi huo huonekana zaidi kwa dereva wa bodaboda. Apandaye nyuma yake, pengine mgonjwa apelekwaye hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, hakuchagua chombo wala ramani, alimchagua mtu. Alimwamini dereva, hakuiamini setilaiti. Imani hiyo ni dhamana, na dhamana haihamishwi kwa kitu kisichoweza kuulizwa. Dereva anaweza kukodi macho ya angani kama apendavyo, lakini abiria akiumia, atakayeulizwa yu papo hapo duniani.

Kutokana na haya kanuni ya kuchagua hupatikana bila shida. Chombo kifaacho ni kile kionyeshacho safari nzima kabla ya mwendo, si kile kitoacho amri ya kona kwa kona. Maana aonaye safari nzima huweza kuihukumu, na apewaye kona moja huweza kutii tu. Ramani ifaayo ni ile inayotaja ilitoka kwa nani na lini, inayokaa ndani ya chombo bila kungoja mtandao, na inayokubali kusahihishwa. Msafiri naye ana deni. Akikuta daraja limevunjika au kijiji kisichotajwa, na jina lake akalisikia kwa wenyeji wenyewe, ampe habari hiyo ajaye nyuma yake. Kwani yeye pia alifika kwa nyayo za wengine. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Na anayefika Nangurukuru jioni, mawingu yametanda upande wa Matandu, angali na nafasi ya kuzima injini, kukitazama chombo, kutazama anga, na kumwuliza muuza machungwa kama mto unapitika.