Mshahara Si Sadaka



Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Yakobo, aliyemtumikia Labani mjomba wake miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya binti zake wawili, na miaka 6 kwa ajili ya mifugo. Yakobo alilalamika kwamba katika muda huo Labani aligeuza ujira wake mara kumi. Tazameni vema: Labani hakumpiga fimbo, wala hakumfunga kamba. Alimwita jamaa yake, akamkaribisha nyumbani, kisha akamdhulumu. Wengi wenye kuonea wafanyakazi ndivyo walivyo. Maneno yao ni matamu.

Katekisimu yatufundisha kwamba ziko dhambi zenye kumlilia Mungu mbinguni. Mojawapo ni kuua mtu kwa kusudi. Nyingine ni kumnyima mfanyakazi ujira wake. Mbona zimewekwa pamoja? Kwa sababu maskini hana ghala. Ujira wa leo ndio unga wa leo jioni, ndio dawa ya mtoto mwenye homa. Kwa hiyo Sheria ya Musa iliamuru kibarua alipwe kabla jua halijatua, naye Mtume Yakobo aliwakaripia matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wao. (Yakobo huyu si yule wa Labani, msiwachanganye siku ya mtihani.) Hata Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi: mtu akikubali ujira mdogo mno kwa kusukumwa na njaa, ameonewa.

Nayo Serikali ya Kongo iliandika Sheria ya Kazi tarehe 16 Oktoba 2002. Mshahara hupangwa kwa fedha ya nchi. Kibuyu cha pombe si mshahara. Kibarua wa siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, tena akaajiriwa upya kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake wahesabiwa kuwa hauna mwisho uliowekwa. Kapita asimwambie, "Wewe ni wa leo tu." Na kama hakuna karatasi, mfanyakazi aweza kuthibitisha kazi yake kwa njia nyingine, kama mashahidi. Wakigombana, shauri hupelekwa kwanza kwa Mkaguzi wa Kazi ili awapatanishe. Akishindwa, ndipo tribinali.

Basi mwenye kudai haki yake si mwasi. Lakini asiibe kahawa usiku akisema, "Najilipa," wala asilale chini ya mti saa za kazi.

Tena tusiwatazame wenye mashamba makubwa peke yao. Nani alipalilia mihogo yako mwezi uliopita? Yule mjane aliyekubebea matofali, ulimwambia "rudi juma lijalo" mara ngapi? Kijana anayechunga mbuzi zako, je, amepata kitu zaidi ya chakula? Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo mwajua sala zote, nami nafurahi. Lakini Padri atauliza pia habari za madeni.

Mwenye kudaiwa ujira, alipe kabla ya Jumapili. Mwenye kudai, alete karatasi yake shuleni baada ya mafundisho, tuisome pamoja. Asiye na karatasi, aje na shahidi.