Wahenga na Cheti cha Ukoo

Tiba ya wahenga, kama wanavyoifanya wasanii wa Kifilipino walioko ughaibuni, ni jitihada ya kuwarudia wafu ambao ukoloni uliwatenga na vizazi vyao. Hufanywa kwa ngoma, mavazi, filamu na uratibu wa maonyesho. Mhenga ni aliyetangulia, na tiba ni kurejesha uzima. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye haki: nani aruhusiwe kusema kwamba wafu hawa ni wake?

Mwaka 2023 gazeti la Washington Post lilifichua kwamba taasisi ya Smithsonian ilikuwa bado imehifadhi bongo 255 za binadamu, nyingi zikiwa zimekusanywa na mwanaanthropolojia Aleš Hrdlička. Hrdlička alichukua pia bongo za Wafilipino waliofia St. Louis mwaka 1904, walikopelekwa ili watazamwe kwenye maonyesho ya dunia. Aliyezichukua hakudaiwa cheti cha ukoo.

Anayedaiwa ni msanii. Huko Sydney, Bhenji Ra na Justin Shoulder wa kundi la Club Ate wamewafufua viumbe wa hekaya za Kifilipino katika video za Ex Nilalang, na kuwapa nafasi ya mbele watu wasiojifunga na mipaka ya uume na uke. Kazi za aina hii hukutana na pingamizi lilelile: kamba ya ukoo imekatika, na aliyezaliwa ng'ambo bila lugha ya bibi yake anajitungia tu.

Pingamizi hili linaudhi kwa sababu aliyeikata kamba ndiye anayelalamika kwamba ni fupi. Tena halitumiki kwa wote. Sanamu ya Santo Niño, yaani Yesu mtoto, iliingia Cebu na Magellan mwaka 1521, na leo umati unaichezea ngoma kila Januari. Hakuna anayewauliza waumini hao kama wana nasaba ya Galilaya. Imani iliyofika kwa merikebu inaruhusiwa kurithiwa kwa moyo tu, ila ile iliyokuwapo kabla ya merikebu inatakiwa ithibitishwe kwa damu.

Na kwa karatasi pia, japo karatasi zenyewe ni za nani? Karibu mwaka 1680, watawa Wadominiko wa Bolinao, Luzon, waliwasaka waganga wa kike pamoja na wanaume waliovaa na kuishi kama wanawake, wakawanyang'anya vyombo vya ibada na kuandika majina yao. Orodha ya mateka ndiyo imekuwa kumbukumbu. Mjesuiti Alcina naye, katika maandishi yake ya 1668 kuhusu Wabisaya, aliwataja asog, wanaume wa namna hiyohiyo, kwa jicho la mtu aliyetaka watoweke. Chuki ina mwandiko mzuri kuliko mapenzi, na mtafiti hulazimika kumshukuru karani wa adui.

Yapo mapingamizi ya haki zaidi: kwamba si kila mhenga alikuwa mganga, na kwamba, kama anavyohimiza mwanamuziki na mtafiti Grace Nono, mababaylan, yaani waganga wa jadi, hawajafa, bali wapo na wanaimba, huku ughaibuni ukiwasimulia kama historia. Msanii akichota kwao, je, anarithi au anachukua? Hoja ya kamba iliyokatwa haimtetei hapo, kwa kuwa kwa hao kamba haikukatika. Ruhusa ya kuchota iko mikononi mwa waganga wa Agusan na Panay, wala si ya makumbusho kuitoa.