Ujasiri tunaousifu na ujasiri tunaouzomea

Mashabiki humpenda nahodha mkali, asiyekwepa kugongwa na asiyenyamaza akionewa. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji: tunapenda ujasiri wake, au faida tunayoipata kwake?

Mtazame Adam Goodes, aliyekuwa miongoni mwa manahodha wa Sydney Swans kuanzia 2009 hadi 2012. Katika kandanda ya Australia, ile ya mpira wenye umbo la yai, alicheza mechi 372 na kutwaa ubingwa mwaka 2005 na 2012. Ukali wake uwanjani ulishangiliwa. Lakini yeye ni wa wenyeji asilia wa nchi hiyo, na alipokemea ubaguzi wa rangi hadharani, majukwaa yalimzomea wiki baada ya wiki. Mwaka 2015 akastaafu.

Wengi walijitetea kuwa walizomea uchezaji wake tu. Huenda wapo waliosema kweli. Hata hivyo, anayezomewa haoni nia za watu; anasikia kelele moja. Aliyekwisha kuambiwa kwamba kelele hiyo inamuumiza mtu kwa asili yake, kisha akaendelea, ameshiriki, hata kama moyoni alikuwa na sababu nyingine.

Mwaka 2019 chama cha mchezo huo na klabu zote 18 ziliomba radhi. Ni jambo jema, ila halikumrudisha uwanjani.

Wahenga walisema, msema kweli hana wajoli. Basi tusijipime kwa kweli inayomchoma jirani. Tujipime kwa ile inayotuchoma wenyewe.