Sufuri Si Jibu

Usiku mmoja hapa Membley nilikuwa naunganisha majibu ya seva tatu za kampuni ya mikopo: jina la mteja, malipo, madeni. Yote yatoke kwa API kama jibu moja. Na seva ya malipo ikinyamaza je? Niliandika sufuri, nikalala.

Lakini sufuri inasema mama mboga hajalipa kitu, ilhali ukweli ni kwamba hatujui. Sikudanganya kwa mdomo, ila nilidanganya. Na kukiri kunawezekana: GraphQL, ambayo Facebook iliitoa kwa umma mwaka 2015, hubeba data na makosa kwenye jibu moja. Bosi anasema "haijulikani" inaharibu skrini. Acha iharibike, kuliko huyo mama apigiwe simu juu ya deni alilolipa jana.