Je, mtu aweza kuharibu kitu kwa kukitazama tu?



Tumezoea kulipima kosa kwa mkono na kwa kinywa: fulani ameiba, fulani amesingizia. Lakini yuko mtu ambaye hakugusa kitu wala hakutamka neno baya. Aliingia, akatazama, akavuta pumzi, akatoka. Je, huyo naye ana deni?

Katika Ufaransa, karibu na mji mdogo wa Montignac, kuna pango liitwalo Lascaux. Mwaka 1940 vijana wanne walilivumbua, wakakuta ukutani picha za ng'ombe wakubwa, farasi na kulungu. Padre Henri Breuil, mjuzi wa mambo ya kale, alifika Septemba ya mwaka uleule, akathibitisha kuwa ni kazi ya watu wa zamani mno. Leo wajuzi wahesabu yapata miaka 17,000. Muda huo wote giza ndilo lililozitunza!

Mwaka 1948 pango likafunguliwa. Nchi ile ni ya mito na misitu; watu wa mjini, wapatapo likizo ya kiangazi, huenda kupiga hema kando ya mto Vézère, na kulipokucha hutafuta la kuona. Basi wakaja, baba, mama na watoto, wakalipa, wakashuka, wakanyamaza kwa mshangao. Siku nyingine walizidi elfu moja. Lakini mwili wa mtu hutoa joto, na pumzi yake hutoa hewa nzito yenye unyevu. Na taa ziliwaka. Utando wa kijani ukaota ukutani, kisha chokaa nyeupe ikaanza kuganda. Mwaka 1963 waziri André Malraux akaamuru lifungwe.

Nani mkosaji? Tazameni kisima cha kijiji. Kila mtekaji asema, «Mguu wangu mmoja hauchafui maji.» Na kweli, mmoja hauchafui. Hata hivyo jioni twanywa tope.

Yule aliyeingia mwaka 1950 hakujua, simhesabii kosa. Lakini ajuaye leo, naye asema, «Niacheni mimi peke yangu,» huyo anaomba neema ambayo yeye mwenyewe angewanyima wengine. Maana kama ni haki kwake, ni haki pia kwa elfu walio nyuma yake. Na kama si haki kwao, kwake imetoka wapi?

Mtu atanijibu: mbona wajuzi wachache huruhusiwa kuingia? Je, macho yao ni bora kuliko ya maskini? Sivyo. Mwuguzi huingia chumba cha mgonjwa aliyetengwa, wala si kwa kuwa yeye anapendwa kuliko mama wa mgonjwa. Walakini walinzi nao si malaika: mwaka 2001, mitambo ya hewa ilipokwisha kubadilishwa, kuvu nyeupe ilienea ndani ya pango.

Mwaka 1983, mita 200 hivi kutoka pale, ilifunguliwa nakala ya pango. Na mwaka 2016 nyingine kubwa zaidi, chini ya kilima. Wapiga hema wa leo huonyeshwa hiyo. Wako wasemao kuwa ni udanganyifu. Mimi sikubali, kwa sababu mgeni huambiwa wazi kwamba ni nakala. Mtoto mwenye picha ya marehemu babu yake hasemi amedanganywa. Lakini tusijifariji upesi: yule mtoto angependa kumwona babu mwenyewe, na mgeni angependa kusimama pale aliposimama mchoraji. Hilo amenyimwa kweli, na ni halali aone uchungu.

Mwaka 1994, katika bonde la Ardèche, pango jingine la picha, za kale kuliko zile, lilivumbuliwa, nalo laitwa Chauvet. Hilo halikufunguliwa kwa watazamaji hata siku moja. Nakala yake ilifunguliwa mwaka 2015. Waliolivumbua walikuwa watatu. Waliporudi mara ya pili, walitandika plastiki chini, wapate kupita bila kuukanyaga udongo wa sakafu.