Mashiko ya Hoja

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi wa Tanzania aliunda tume ya kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama vya siasa, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Watu zaidi ya 36,000 walisikilizwa, Bara na Visiwani. Asilimia 77 hivi walitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 21 hivi wakataka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Wapo wanaoyacheka mapendekezo yale hadi leo, kwamba watu waliulizwa kisha jibu lao likatupwa. Mimi naona hakuna mfano bora wa kumwonyesha mtu hoja inavyojengwa na mahali inapovunjika.

Shuleni tunafundishwa kwamba hoja ni dai na ushahidi wake. Dai ndilo unalotaka mwenzio alikubali, na ushahidi ndio unaomwekea mezani. Sasa tazama: pande zote mbili zilikuwa na ushahidi uleule, takwimu zilezile ambazo hazikuwa na ubishi mkubwa, lakini madai yakapishana kama mashariki na magharibi. Kama ushahidi peke yake ungetosha kuzaa dai, jambo hili lisingewezekana.

Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1958, alionyesha kuwa kati ya ushahidi na dai kuna kitu cha tatu, nacho aghalabu hakitamkwi: kanuni inayotupa ruhusa ya kutoka huku kwenda kule. Tukiite kiungo. Kwa waliotaka chama kimoja kibaki, kiungo kilikuwa “wengi wape”, na nani angehangaika kukieleza? Kila mtu alikuwa nacho kichwani. Tume nayo ilikuwa na viungo vyake: kwamba mtu mmoja katika kila watano si wa kupuuzwa, na kwamba mtu anayesema “chama kimoja, lakini kirekebishwe sana” hawezi kuhesabiwa kama aliyeridhika. Ubishi ulikuwa hapo, si kwenye asilimia.

Kinachokificha kiungo ni maneno mawili tunayoyapenda mno: “kwa hiyo”. Ukisoma makala inayojaribu kukushawishi, simama kila yanapotokea uulize, kwa ruhusa ya nani? Wakati mwingine utakuta kanuni nzito, na wakati mwingine hamna kitu, mwandishi karuka tu.

Kiungo chenyewe nacho huulizwa kimesimama juu ya nini. “Wengi wape” ina mkia wake: usipowapa watajitwalia. Msingi wake, basi, ni tahadhari zaidi kuliko haki. Na ukishaegemea tahadhari, mwenzako naye ataiegemea. Baada ya vyama tawala vya Ulaya Mashariki kuporomoka mwaka 1989, Julius Nyerere mwenyewe, aliyeujenga mfumo wa chama kimoja, alianza kusema hadharani kwamba suala la vyama vingi lijadiliwe. Heri kubadilika kwa hiari kuliko kubadilishwa kwa nguvu.

Kuna pia maneno madogo ambayo vijana wa midahalo huyadharau: “pengine”, “kwa kawaida”, “isipokuwa”. Wanayaona ya mtu mwoga. Toulmin aliyapa nafasi yake ndani ya hoja, na nadhani alikuwa sahihi, kwani “wengi wape, isipokuwa pale haki ya wachache inapofutwa” ni kauli ngumu kuipindua kuliko “wengi wape” iliyo uchi.

Mwaka 2014 mambo yakajirudia kwa sura nyingine katika Bunge Maalum la Katiba. Waliotetea Muungano wa serikali tatu, pendekezo la tume ya katiba ya Jaji Joseph Warioba, walitaja wingi wa waliotoa maoni hayo. Rais Jakaya Kikwete hakukishambulia kiungo. Aligeukia ushahidi, akisema waliozungumzia muundo wa Muungano walikuwa sehemu ndogo tu ya wote waliotoa maoni. Nao baadhi ya waliokuwa wakiisifu tume ya Nyalali kwa kutofuata wingi walikuwa sasa wakidai wingi ufuatwe. Labda walikuwa na “isipokuwa” yao, ila sikumsikia hata mmoja akiitamka.